Picha Bila Mwalimu ni Kiinimacho

Ipo kasumba mpya iliyoanza kuota mizizi katika baadhi ya ofisi za umma, nayo ni kudhani kwamba mwananchi amekwisha kuelimishwa pindi tu video inapotumwa kwenye simu yake. Afisa hupokea video ya dakika nne juu ya ugonjwa fulani, akaisambaza katika makundi ya WhatsApp, kisha akaandika katika taarifa ya robo mwaka kwamba "elimu ya afya imetolewa kwa jamii". Taarifa hiyo hupanda kutoka kata hadi wilaya, na kutoka wilaya hadi mkoa, na kila meza inapopita hugongwa muhuri. Hakuna anayeuliza swali la msingi: aliyeiona video hiyo ameelewa nini, na amefanya nini?

Swali hilo halina budi kuulizwa, na mahali pa kuliulizia ni kijijini. Ipililo ni kata ya wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu ambao makao yake makuu yako Bariadi. Hiyo ni nchi ya Wasukuma, wakulima na wafugaji. Nchi ya pamba, ya mpunga na ya ng'ombe. Palipo na majaruba, malambo na madimbwi pana konokono, na palipo na konokono wa aina fulani pana kichocho, ugonjwa wa siku nyingi katika ukanda wote wa kusini mwa Ziwa Victoria.

Kichocho ni mfano mzuri wa kazi ambayo video inaiweza kuliko ubao na chaki. Mnyoo wake hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, mahali ambapo jicho halifiki. Yai lake lina mwiba, nalo hutoka pamoja na mkojo. Likifika majini huanguliwa, kimelea kikaingia ndani ya konokono, kikazaliana humo, kisha vimelea vipya vikatoka na kupenya ngozi ya mtoto anayeogelea au anayepandikiza mpunga. Mwalimu anaweza kuyachora hayo kwa saa nzima, na bado mwanafunzi akabaki na shaka. Video ya dakika tatu humwonyesha safari yote, kutoka kibofuni hadi lamboni na kurudi. Kwa msichana ambaye ugonjwa huo umemshambulia via vya uzazi, akadhaniwa kuwa ana maradhi ya zinaa na kuaibishwa bure, video hiyo inaweza kuwa mwanzo wa kupata haki yake.

Hayo ni kweli. Lakini na tuchukue mfano wa mama wa Ipililo ambaye mwanawe alimezeshwa dawa shuleni mwaka uliopita, na mwaka huu anakojoa damu tena. Video haikumwambia kwamba dawa ile, praziquantel, huua minyoo iliyomo mwilini siku ile lakini haimkingi mtoto asiambukizwe upya atakaporudi lamboni. Mama ana swali, na picha haina masikio. Afisa aliyeituma yuko mbali, na hakuacha jina wala namba. Basi mama huyo huamua mwenyewe kwamba dawa za shuleni hazifai.

Video inayofuata katika simu ile ile ni ya mtu aliyevaa koti jeupe, anayeuza unga wa "kusafisha kibofu" kwa siku saba. Huyu ameacha namba ya simu, na akipigiwa hupokea. Husikiliza kwa upole, huita "mama yangu", hueleza, hutuliza, kisha hutaja bei. Mlanguzi wa maradhi amekwisha kutambua jambo ambalo watumishi wengi wa umma hawajalitambua bado: mtu humwamini yule anayejibu swali lake. Kumlaani mlanguzi huyo huku maswali ya wananchi yakiachwa bila majibu ni kumfungulia mlango wa mbele na kumfungia wa nyuma.

Wapo watakaojibu kwamba tatizo ni mwananchi mwenyewe. Kwamba watu wa vijijini hawaelewi picha za kitaalamu. Hoja hiyo si ngeni, wala si ya Kitanzania. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanyika mradi wa kutengeneza sinema za mafunzo kwa Waafrika, zikiwamo za afya, kama ile iliyohusu minyoo ya safura. Baadaye, maafisa wa sinema za kikoloni walipenda kusimuliana kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa katika kiwambo, wakasema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Kisa hicho kilitumiwa kuthibitisha kwamba Mwafrika ni mjinga. Mtu mwenye akili huona ndani yake jambo jingine: watu wale walitoa hoja, na hakuwapo wa kuwajibu kwa heshima. Anayerudia dharau ile leo, akiwa amekaa katika kiti cha umma, ameirithi kasumba pamoja na kiti.

Historia ya nchi hii yenyewe inao ushahidi wa kinyume. Mwaka 1973, chini ya TANU, iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo, na haikuipata mpaka mwaka 1994. Chombo kilikuwa redio, na mara nyingi redio moja ilisikilizwa na kikundi kizima. Hata hivyo watu wapatao milioni 2 walishiriki. Mazungumzo ya redio hayakuachwa yaelee hewani. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, vijitabu viligawiwa, na kwa majuma 12 wananchi walikaa pamoja, wakasikiliza, wakasoma, wakabishana, kisha wakakubaliana kazi ya kufanya. Kichocho kilikuwa miongoni mwa masomo, pamoja na malaria, safura na kifua kikuu. Mwishoni palikuwa na vyoo vilivyochimbwa na madimbwi yaliyofukiwa, wala si taarifa tu. Redio ile, ambayo haikuwa na picha hata moja, ilifanya kazi ambayo simu zenye picha za rangi hazijaifanya, kwa sababu ilikuwa na kikundi na kiongozi wa kikundi.

Anayedhani kwamba hayo ni mambo ya zamani na atazame wataalamu wenyewe. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walifundishwa mwaka 2010, kwa siku moja, jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri zaidi kuliko awali. Lakini katika wodi ya kujifungulia, utendaji haukubadilika. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya dakika chache, papo hapo kazini, kila juma. Vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Ikiwa mkunga mwenye cheti hawezi kubadilika kwa somo la siku moja, kwa mantiki gani mkulima anatarajiwa kubadilika kwa video ya dakika nne?

Jambo hilo lina uzito wa pekee linapohusu upasuaji. Mume huitwa usiku hospitalini, akapewa fomu, akaambiwa atie saini au dole gumba ili mkewe apasuliwe mtoto atolewe. Hajui ganzi ya mgongoni ni nini, hajui kitakatwa nini, hajui kama mkewe ataweza kuzaa tena. Akisita huitwa mshamba. Akikubali bila kuelewa, hiyo si ridhaa. Mtu huyo angeonyeshwa upasuaji huo kwa video ya Kiswahili sanifu miezi mitatu kabla, siku ya kliniki, akiwa na mkewe na muuguzi wa kuwajibu, usiku ule asingepoteza saa nzima akiwatafuta wazee wa ukoo. Saa hiyo moja inaweza kuwa uhai wa watu wawili.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuipiga vita video. Kinachopaswa kupigwa vita ni uvivu unaojificha nyuma yake. Video ya afya na ioneshwe mahali penye watu na penye mtu wa kujibu: siku ya kliniki, kikao cha wazazi shuleni, mkutano wa chama cha ushirika wa pamba, kikundi cha kuweka na kukopa. Isimamishwe katikati, watu waulize. Pale Kiswahili cha kitaalamu kinapomwacha bibi kizee nyuma, si dhambi kumfafanulia kwa Kisukuma. Swali lisilo na jibu liandikwe, lipelekwe zahanati, na jibu lirudi.

Itasemwa kwamba watu wa kuifanya kazi hiyo hawapo. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 katika miaka 5. Walimu nao wako katika kila kijiji chenye shule, na ndio waliobeba elimu ya watu wazima katika miaka ya 1970 bila ya simu wala umeme. Kinachopungua ni kipimo. Ofisi ikiendelea kupimwa kwa idadi ya video ilizotuma, itatuma video. Ikipimwa kwa idadi ya maswali iliyoyajibu, itajifunza kusikiliza.

Taarifa ya robo mwaka ijayo na iwe na safu mpya: wananchi waliuliza nini, na walijibiwa nini. Afisa ambaye safu yake itakuwa tupu asiseme ametoa elimu. Atakuwa ameonyesha sinema tu, na mtoto wa Ipililo atakuwa bado yumo lamboni.