Mbwa anapokuna hewa: tatizo la ubongo ambalo eksirei haioni

Je, una mbwa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, yule mdogo mwenye masikio marefu? Ukimwona anatembea huku mguu wa nyuma unakuna hewa karibu na shingo bila kugusa ngozi, usikimbilie dawa ya viroboto. Huenda shida iko ndani ya fuvu.

Karibu mbwa wote wa aina hii huzaliwa na fuvu ambalo upande wa nyuma ni finyu kuliko ubongo uliomo. Ubongo husukumwa kuelekea kwenye tundu la chini ya fuvu, na maji yanayouzunguka hukosa njia. Kwa wengi, baada ya muda vifuko vya maji hujitokeza ndani ya ugwe mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya uti wa mgongo. Hapo mbwa anaweza kulia akiinuliwa, kukataa kuguswa shingoni, au kulala ameinua kichwa. Binadamu nao hupata hali inayofanana na hii, ila sisi tuna mdomo wa kusema panapouma.

Kipimo cha uhakika ni MRI, tena mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Ni ghali. Na majibu mazuri akiwa na mwaka mmoja hayatoshi, kwa kuwa vifuko huweza kutokea baadaye. Ndiyo maana mpango wa uchunguzi ulioanza Uingereza mwaka 2012 huandika kiwango cha tatizo pamoja na umri wa mbwa alipopimwa.

Lakini MRI haitibu. Dawa hupunguza maumivu. Upasuaji upo, ila dalili zinaweza kurudi. Kwa hiyo swali kubwa ni nani azalishwe. Oktoba 2023, Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba kuzalisha Cavalier kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama, kwa sababu ya tatizo hili na ugonjwa wa moyo. Naona uamuzi huo ni wa haki: ikiwa karibu wote wana kasoro, kupima na kuchagua kunakuachia wachache mno wa kuchagua.

Kama unataka kununua mtoto wa Cavalier, omba majibu ya MRI ya wazazi wote wawili na uangalie walipimwa wakiwa na umri gani. Kama tayari unaye na anakuna hewa, mrekodi video kwa simu umwonyeshe daktari wa mifugo, maana akifika kliniki anaweza asikune kabisa.