Dhambi za taifa sokoni Rodi Kopany
Sokoni Rodi Kopany, njia panda ya Homa Bay, Rongo na Ndhiwa, mhubiri mwenye kipaza sauti huitangazia Kenya hukumu ya Mungu huku bodaboda wakigombea abiria. Dhambi anazozitaja ni za taifa, yaani hazina mwenyewe. Nyani haoni kundule. Uamsho wa Kikristo uliochipuka Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, haukuwa hivyo: aliyeokoka aliungama wizi wake hadharani, kisha akarudisha mali ya watu. Taifa nalo husali: tangu 1963 wimbo wa taifa wa Kenya ni sala, na Wakenya wana haki ya kujivunia hilo. Ila kiongozi anayeuimba kifua mbele huku fedha za zahanati zimo mfukoni mwake hajatubu, anamdhihaki Mungu. Azirudishe kwanza.