Simu inakufa, madini yake yangali mazima

Wandugu wachimbaji, ba mama na ba papa wa Burungu na wa njia yote ya Masisi mpaka Walikale, leo hatuandiki ju ya bei ya koltani. Tunaandika ju ya kule inakoenda kuishia.

Koltani yenu inatoa tantalo, na tantalo inatiwa ndani ya vile vidude vidogo vinavyotunza umeme katika simu. Kasiterite inatoa bati, na bati njo linashikanisha vipande vyote. Hakuna hata kimoja kinachochoka kwa miaka mitano. Lakini muulizeni fundi wa simu, awe wa Kitchanga, wa Sake ao wa Goma, awaonyeshe karatoni iliyo chini ya meza yake. Mtaona mule simu zisizovunjika. Kioo kizima, betri bado inashika moto. Waliziacha ju WhatsApp ilikataa kufunguka.

Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha simu zote zenye Android ya zamani, ile iliyo chini ya namba 5. Kwa mtu wa Ulaya ni habari ya mistari miwili. Kwa mama wa Burungu ambaye bwana yake anachimba huko Walikale, vokali njo barua yake. Njo inamwambia kama bwana ametoka shimoni salama, kama feza imetumwa, kama watoto wabaki shuleni. Simu ikinyamaza, mama ananunua ingine ao anakaa bila habari.

Je, ilikuwa lazima? Hapana. Ndani ya simu kuna programu moja inayoamuru zingine zote, tunaiita mfumo. Android ni ya Google, lakini sehemu yake kubwa ni kodi huria: kila mtu ana haki ya kuisoma, kuigeuza na kuigawa. Kwa haki hiyo watu wa kujitolea walianzisha LineageOS mwisho wa mwaka 2016, na kazi yao ni kutia mfumo mpya ndani ya simu iliyoachwa na kiwanda chake. Samsung Galaxy S III ya mwaka 2012 iliachwa na Samsung kwenye Android 4. LineageOS iliipandisha mpaka Android 7. Simu ni ile ile, koltani ni ile ile, na WhatsApp haina sababu ya kuikataa. Gaël Duval naye, Mfaransa, ametengeneza mfumo wake /e/ juu ya kazi hiyo hiyo ya LineageOS, na ametoa ndani vitu vya Google.

Basi kwa nini karatoni ya fundi bado inajaa?

Kwa sababu dawa iko, lakini kuinywa ni mateso. Kutia mfumo mpya kunaomba kompyuta, kamba nzuri, na mafaili ya mega mia nyingi, wakati mwingine giga nzima. Huku kwetu rezo inakuja na kukatika, na forfe ya giga moja ni chakula cha nyumba. Maelezo ni ya Kiingereza. Kuna amri za kuandika herufi kwa herufi, na ukikosea hatua moja simu inaweza kukwama kwenye picha ya kuwaka isitoke tena. Walioandika maelezo hayo walijiandikia wao wenyewe na wenzao. Hatuwalaumu kwa kazi ya bure, lakini tuseme ukweli: hawakumfikiria mtu anayesharji simu kwa paneli ya jua ya jirani na kulipa kila mara.

Tena kuna jambo baya zaidi. Kwenye orodha ya LineageOS mtaona Samsung, Xiaomi, Motorola, Pixel. Simu zinazouzwa sana kwenye soko zetu ni Tecno na Itel, na hizo karibu hamtaziona mule. Ufundi hauwezi kufanya kazi kama kiwanda kinaficha funguo. Kiini cha Android ni Linux, na sheria ya Linux inasema anayegawa programu hiyo agawe na kodi yake. Viwanda vingi vinafanya kama havijaisikia.

Kuna mfano mmoja ambao kila mchimbaji wa Kivu angepashwa kuujua. Mwaka 2013 kampuni ya Uholanzi, Fairphone, ilitoa simu yake ya kwanza. Ilitaka madini yasiyolisha vita, na bati lake lilitoka hapa karibu, kwenye chimbo la Kalimbi, Nyabibwe, katika Kalehe. Walifanya kazi nzuri upande wa shimo. Upande wa programu walishindwa: simu ilitoka na Android 4.2, na haikupata ingine mpya, ju kodi ya chip yake ilibaki mikononi mwa wengine. Mwaka 2017 waliiacha. Bati la Kalimbi lilikuwa bado zima ndani.

Kwa Fairphone 2 walijifunza. Mtengenezaji wa chip alipoacha kuwasaidia, waliendelea pamoja na watu wa LineageOS, na simu iliyotoka mwisho wa 2015 ikapata matengenezo mpaka 2023. Miaka saba. Na mwenye simu hakuandika amri yoyote. Alibonyeza kitufe, akangoja, basi. Tofauti yote iko hapo. Kodi huria peke yake haikutosha. Ilihitaji mtu wa kuileta mpaka mlangoni ikiwa tayari.

Wengine watatuambia: chukueni simu ndogo ya vitufe. Tulidhani hivyo pia. Mozilla, wale wa Firefox, walikuwa wametoa mfumo wao huria wa simu mwaka 2013, wakaacha kazi ya simu mwisho wa 2015. Kutoka kodi hiyo KaiOS ilizaliwa: simu ya vitufe, betri ya siku nyingi, na WhatsApp ndani. Mwaka 2019 Orange ilileta Sanza yake katika Afrika kwa bei ya dola 20 hivi. Hii, tuseme wazi, ilikuwa rahisi kutumia kuliko mifumo yote ya mainjinia. Halafu Juni 2024 WhatsApp ilitolewa kwenye duka la KaiOS, na mwaka 2025 ikazimwa kwa wale waliokuwa nayo. Mfumo ulikuwa mwepesi, lakini mlango ambao watu walikuwa wanapitia ulikuwa wa mwingine.

Na lugha? Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika Kiswahili, bila kungoja huruma ya kampuni yoyote, ju kodi ilikuwa huria. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini leo, mtu wa Burungu akikuta "kivinjari" ao "mipangilio" kwenye kioo, anauliza ni nini. Kiswahili cha simu kiandikwe pia na watu wanaosema "rezo" na "mega".

Tunaomba hivi. Wauzaji waseme, mbele ya kupokea feza, simu itapata matengenezo mpaka mwaka gani. Viwanda vitoe kodi ambayo sheria inadai. Na nyinyi mnaotengeneza mifumo huria, msianze na mainjinia wenzenu. Mpeni fundi mmoja wa Goma mafaili yote kwenye kadi ya kumbukumbu, pamoja na maelezo ya Kifaransa na Kiswahili, halafu mkae pembeni muangalie anakwama wapi.

Kwa mwenye kutaka kujaribu sasa: kubadilisha mfumo kunafuta kila kitu kilicho ndani ya simu. Mbele ya kumpa fundi, andika namba zako kwenye karatasi, na omba anakilishe picha na vokali za wale ambao hawako tena.