Tuokoe somo, si Flash

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo nina jambo linaloniuma: kozi zetu za zamani za kompyuta, zile ambazo ukizifungua siku hizi huoni kitu ila kisanduku kitupu katikati ya ukurasa.

Juzi niliitwa na kituo kimoja cha mafunzo huku kusini, kati ya Diani na Msambweni. Jina naliweka kapuni. Wanafundisha vijana kazi za jikoni za hoteli, na walikuwa na kozi nzuri ya usafi wa chakula iliyotengenezwa kwa Flash. Mwanafunzi anapewa friji tupu na vyakula: kuku mbichi, samaki, saladi, maziwa. Anavipanga mwenyewe. Akiweka kuku juu ya saladi anaambiwa amekosea, na kwa nini: maji ya kuku yatadondokea chakula kisichopikwa tena.

Kozi hiyo haifunguki. Si virusi, si mtandao mbovu. Adobe walitangaza Julai 2017 kwamba Flash inakoma. Wakaacha kuihudumia Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 programu yenyewe ikakataa kucheza chochote. Wakati huo shule za Kenya ndiyo kwanza zimefunguliwa tena, Januari 4, baada ya miezi ya korona. Sisi tunahangaika na barakoa, masomo yanazimika nyuma yetu. Lakini tusijitetee sana: tulipewa zaidi ya miaka mitatu ya kujiandaa.

Kituo kilikuwa kimeshauriwa mambo mawili: kubaki na kompyuta moja kuukuu yenye Flash ya zamani, isiyounganishwa na mtandao, au kurekodi kozi kama video. Mimi napinga yote mawili.

Kompyuta kuukuu itakufa. Chumvi ya bahari huku kwetu haina huruma na mashine. Tena vijana wenyewe wako kwenye simu. iPhone haikuwahi kucheza Flash, na kwenye Android Adobe waliiacha mwaka 2012. Na video je? Video inaua somo lenyewe. Mwanafunzi anamtazama mtu mwingine akipanga friji. Hakosei, kwa hiyo hasahihishwi. Na bando linaisha.

Kuna watakaosema, "Weka Ruffle, mambo kwisha." Ruffle ni programu ya bure inayocheza faili za Flash ndani ya kivinjari, na mimi naitumia. Kozi za ActionScript 1 na 2 inazimudu vizuri. Zile za ActionScript 3, iliyokuja 2006, nyingine hukwama. Na hata ikicheza, vitufe vilivyochorwa kwa ajili ya kipanya na skrini pana vinakuwa vidogo mno kwa kidole. Mimi Ruffle naitumia kuona somo lilikuwaje kabla ya kulijenga upya.

Njia ninayoiamini ni hii. Kwanza, tafuta faili za asili, zile za .fla, kwa aliyetengeneza kozi. Ukiwa na .swf pekee, programu iitwayo JPEXS itakutolea picha, sauti na maandishi. Pili, kaa na mwalimu, muandike kila uamuzi anaofanya mwanafunzi na jibu analopewa. Hapo ndipo penye thamani. Tatu, jenga upya kwa HTML, CSS na JavaScript, au kwa H5P kama mna Moodle. Ijaribu kwenye simu ya bei nafuu. Nne, mkataba useme wazi kwamba faili za asili ni mali ya chuo.

Gharama? Ipo. Ndiyo maana usihamishe kila kitu kwa pupa. Kurasa za maandishi matupu zigeuze kurasa za kawaida. Nguvu na fedha ziweke pale ambapo mwanafunzi anachagua na kusahihishwa.

Kenya si wageni wa masomo ya kompyuta. Mwaka 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada kwa kusomea kwenye kompyuta, bila kuacha kazi. Muuguzi aliyepanda ngazi alibaki na elimu kichwani, hata kompyuta ile ikawa chuma chakavu.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni somo la friji. Flash ilikuwa msala, na umeshapita.

Haya, narudi kupanga kuku na saladi. Tuonane tena.