Likizo ya Mama wa Shambani

Mtoto azaliwapo katika vijiji vya Usambara, nyumba hujaa watu. Vigelegele hupigwa, bibi huja na kuni na maziwa, na baba hupeana mikono na kila apitaye njiani. Siku ya saba, kwa jamaa wa Kiislamu, mbuzi huchinjwa kwa ajili ya akika na jina hutajwa. Kwa jamaa wa Kikristo, mazungumzo ya ubatizo huanza mapema, na nguo nyeupe ya mtoto huazimwa kutoka nyumba hata nyumba. Hayo yote ni mema na tunayapenda. Lakini wageni wakishamaliza pilau na kuteremka mlima, hubaki nyumbani mama, mtoto, na ndoo tupu.

Leo tunataka kuzungumza juu ya ndoo hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpatia mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 iwapo amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Akisharudi kazini, anastahili kupewa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Baba naye aliwekewa siku zisizopungua 3. Mwalimu wa shule ya msingi au karani wa ofisi hapa Lushoto anaijua haki hiyo na anaidai. Jirani yake anayelima karoti na kabeji huko Lukozi hana wa kumwandikia barua ya likizo. Mwajiri wake ni shamba, na shamba halijui kwamba mtu amejifungua.

Wazee wetu walikuwa na sheria yao, nayo ni arobaini. Kwa siku arobaini mzazi alikaa ndani, akakandwa kwa maji ya moto, akapikiwa, akachotewa maji na mama yake, mama mkwe au mawifi. Siku hizi arobaini imekonda. Bibi ana shamba lake mwenyewe, mawifi wako Tanga na Dar es Salaam, na mume yuko kwenye vibarua au amefuata gari la mboga. Tumewaona wazazi wa wiki tatu wakipanda kutoka bondeni, ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na watu wanawaamkia kana kwamba hakuna jambo.

Mtu wa nchi tambarare huenda asiuone uzito wa jambo hili. Huku kwetu nyumba ziko mgongoni mwa kilima na chemchemi iko chini, hivyo kila ndoo ni mteremko mmoja na mpando mmoja, na mpando huo mama anaupanda na mzigo. Mji wa Lushoto wenyewe umekaa kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na viko vijiji vilivyo juu zaidi. Ifikapo Juni na Julai ukungu hushuka na nepi hazikauki. Hutundikwa juu ya mafiga hata zikanuka moshi, na mtoto anayevishwa nguo hizo analala katika chumba hicho hicho cha moshi, akikohoa.

Na hapa hatuna budi kusema jambo moja bila kulizunguka. Wako wazazi ambao, kwa mapenzi kabisa, huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango ili mtoto apate joto. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Joto la mtoto mchanga limo katika kifua cha mzazi, ngozi kwa ngozi, na juu yao blanketi. Kifua cha baba kinafaa kwa kazi hiyo sawasawa na cha mama.

Tuje kwenye kunyonya. Wataalamu wa afya wanafundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afikishe miaka miwili au zaidi. Waliosoma chuoni wanakumbuka kwamba Qur'ani nayo, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kuitimiza, na katika aya hiyo hiyo ikamwekea baba wajibu wa riziki na mavazi ya mama huyo. Jambo hilo la pili husomwa kwa haraka sana na wanaume wengi.

Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 64 katika kila 100 walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama tu, na kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi, na umaskini umo. Hata hivyo, sisi tunaoishi katika milima inayojaza malori mboga na matunda ya kulisha mji wa Dar es Salaam, tunapaswa kuona haya kidogo tukutwapo na mtoto aliyedumaa. Moja ya sababu hizo tunaiona kwa macho. Mama yuko shambani tangu alfajiri, maziwa yako kwake, na mtoto yuko nyumbani na dada yake wa miaka tisa au kumi anayemkorogea uji mwepesi wa mahindi. Dada huyo alipaswa kuwa darasani. Mmoja amekosa maziwa, mwingine amekosa masomo, na baba anasema mwaka huu nyumba yake imebarikiwa.

Mwalimu Nyerere hakuficha maneno juu ya hili. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, Chama kilikiri kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote nchini, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Likizo ipo basi, ila imekwenda kwa asiyejifungua.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Mwanamume akifua nepi atachekwa gulioni. Akionekana na ndoo wataambiana kwamba amelishwa kitu. Mwandishi wa maneno haya asijifanye malaika. Alikuwa hodari wa kuhutubia ukumbini juu ya haki za akina mama, huku nyumbani akihamia chumba cha wageni kwa kuwa mtoto analia usiku na yeye ana kikao asubuhi. Mkewe alimjibu kwa sentensi moja: hata mimi nina kesho. Akarudi chumbani. Alichekwa, naam, kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha wachekaji wakapata habari nyingine.

Liko pia jambo la mama anayelia. Wapo wazazi ambao baada ya kujifungua huingiwa na huzuni nzito, hawataki kula, hawataki hata kumtazama mtoto. Majirani husema ni kiburi, au kisirani, au ametupiwa. Mara nyingi huo ni ugonjwa, waganga wa hospitali wanaujua na una tiba. Mume ambaye hulala chumba kingine hawezi kuugundua.

Kwa hiyo tunawataka viongozi wa vijiji, mabalozi wa mashina na wenzetu wa UWT wasingoje sheria nyingine kutoka Dodoma. Kijiji kina uwezo wa kuamua leo kwamba mwanamke aliyejifungua haitwi kwenye msaragambo kwa siku 84, kama mwenzake mwenye mshahara, na kwamba zamu ya mume wake kwenye msaragambo siku moja ya juma iwe ni kuni na maji ya nyumba yake. Wauguzi wa zahanati wanapowaita watoto kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, baba naye afike, amshike mtoto, aisome kadi mwenyewe. Na mwalimu mkuu anayeona binti hayupo darasani siku tatu mfululizo aulize kama kwao kumezaliwa mtoto.

Mkutano mkuu wa kijiji ujao utakapofunguliwa, na orodha ya watoro wa msaragambo itakaposomwa kama kawaida, tunaomba isomwe kwanza orodha ya akina mama waliojifungua tangu mkutano uliopita, na mbele ya kila jina litajwe jina la mtu anayewachotea maji.