TAHARIRI: Aliyekata Tamaa Asipelekwe Mahabusu



Katika Tanzania Bara, mtu aliyejaribu kujiua akaokolewa na majirani anaweza kutoka wodini akaingia mahabusu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinakihesabu kitendo chake kuwa kosa. Sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza, ambao kwao waliifuta mwaka 1961. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo, cha 226 katika sheria za nchi ile, kinapingana na Katiba.

Tunalileta jambo hili mbele yenu tukiwafikiria hasa wanaume. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua, na kiwango cha vifo hivyo kwa wanaume ni kama mara mbili ya kile cha wanawake. Si kwamba mizigo ya akina mama ni myepesi. Mama anayo mizigo yake, tena mizito, lakini mara nyingi anao wenzake wa kumsaidia kuitua: kisimani, katika kikoba, katika jumuiya. Mwanamume amefundishwa tangu utoto kujikaza na kupiga moyo konde, na akiwa mtu mzima huona kwamba heshima yake ni kufa na tai shingoni.

Na mambo yamebadilika chini ya miguu yake. Zamani mwanamume alipimwa kwa shamba, kwa mifugo, na kwa neno lake barazani. Miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa, wengi walipunguzwa kazini wakarudi nyumbani na barua mkononi. Leo wana wao wanaendesha bodaboda za mkataba, au wamenaswa katika mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Katika nyumba nyingi chakula cha siku hutoka katika genge la mke. Hapo hapana aibu yoyote, kwa maana wawili hao ni mwili mmoja. Lakini mume aliyeaminishwa kwamba kulisha ndiko kuwa mume hujiona amefutwa.

Huzuni hiyo mara nyingi haitoki kwa machozi. Hutoka kwa pombe, kwa kunyamaza siku nyingi, na pengine kwa kipigo. Tusieleweke vibaya: anayempiga mkewe ametenda kosa, na uchungu wake haumpi ruhusa. Hata hivyo, mtu mpole akigeuka mkali, akawa halali wala hali, jirani asiishie kumsema, amwulize. Sonona ni ugonjwa, nao hutibika kwa dawa na kwa mazungumzo na mtaalamu. Jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, tumeligeuza kuwa tusi la vilabuni. Basi ni nani atakayekubali kuonekana akielekea huko? Sisi mapadre tumezoea mwanamume anayekuja kuomba misa ya shukrani au barua ya utambulisho. Anayekuja kusema kwamba amechoka kuishi ni nadra, na huanza kwa kudai kwamba anamwulizia rafiki.

Nabii Eliya, baada ya kuwashinda manabii wa Baali, alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe (1 Waf 19). Mungu hakumkaripia. Alimpelekea malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye.

Kanisa nalo limejirekebisha. Sheria yake ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kikanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya 1983, katika kanuni ya 1184, haiwataji tena. Katekisimu (namba 2282 na 2283) inafundisha kwamba taabu kubwa ya nafsi hupunguza lawama ya mtu, na kwamba tusikate tumaini juu ya wokovu wake. Lakini ziko jumuiya ambazo hata leo hukaa mbali na msiba wa namna hiyo, na mjane akabaki na watoto na minong'ono.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo nyingi, mwanamume huonekana siku ya kuchagua viongozi na siku ya kubishania michango. Utume wa Wanaume Katoliki nao usiwe chama cha kujenga uzio na kumpokea Askofu tu. Wanaume wakutane walau mara moja kwa mwezi, bila muhtasari kuandikwa, waulizane habari za nyumbani, na jibu la «nzuri tu» lisipokelewe upesi. Aliyenusurika kifo asiachwe peke yake: apelekwe hospitali, na zamu ya kukaa naye ipangwe kama tunavyopanga zamu za msibani. Nao wabunge wanapopita majimboni waulizwe, mbele ya watu, kifungu cha 217 kitaondolewa lini.