Ushuhuda Niliotoa Kuhusu Breki

Neno letu leo ni Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na paa bapa, watu walipanda juu kupumzika jioni. Mungu akaagiza kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka paa hilo, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. Sikia vizuri, mtu wa Mungu. Hakusema malaika watamdaka. Alisema jenga ukuta.

Mnaijua pikipiki yangu, ile Honda ST1100 ya mwaka 1996. Ni pikipiki ya safari ndefu, ina zaidi ya kilo 300 na tangi la lita 28, na watoto wa Shule ya Jumapili huiita ndege. Wengine mmenishauri niiuze nitafute gari linalomfaa mtumishi. Siuzi. Jumatatu, siku yangu ya kupumzika, mtanikuta nyuma ya nyumba na spana, nimepaka grisi mpaka kwenye viwiko. Lakini leo siitetei pikipiki. Leo natubu.

Mnakumbuka nilivyosimama madhabahuni mwaka jana nikasema adui alitaka kutuua, mimi na Mama Mchungaji, tukiteremka Mai Mahiu. Nikasema breki zilikufa, tukaziwekea mikono, tukaomba, zikafufuka. Kanisa lililipuka kwa shangwe. Kinanda kilipigwa dakika kumi nzima.

Yaliyotokea ni haya. Tulikuwa na mizigo pande zote mbili, na Mama nyuma. Mteremko ule ni mrefu na malori ni mengi, kwa hiyo nilishika breki kila mara badala ya kuiachia injini kazi. Tukiwa tumekaribia kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, nikavuta leva ya mkono ikaja laini kama sponji mpaka ikagusa mshikio. Mbele yetu kulikuwa na lori. Nilishusha gia hadi ya pili, nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, nikaingia kwenye changarawe kando ya barabara. Tulisimama. Mama hakusema neno. Alishuka, akakaa juu ya jiwe, akavua helmeti, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Tuliomba, ni kweli. Baada ya kama nusu saa nikavuta leva tena, ikawa ngumu kama kawaida. Ndipo ushuhuda ukazaliwa.

Wiki iliyofuata fundi mmoja alifungua kile kikopo kidogo cha mafuta ya breki kwenye usukani. Ndani kulikuwa na kitu cheusi kama kahawa. Akaniuliza, "Pasta, haya yalibadilishwa lini?" Nilikuwa na pikipiki hiyo kwa miaka 7. Sikuwa nimeyabadilisha hata mara moja. Mafuta ya injini nilibadilisha, plagi nilibadilisha, hata rangi niliguzia. Haya ya breki nilikuwa nikiangalia tu kama yamejaa.

Fundi akanifundisha jambo ambalo kila mwenye pikipiki au gari la zamani anapaswa kulijua. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, hata chombo kikiwa kimeegeshwa tu nyumbani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya kutosha, kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu nyuzi 155. Breki zikipata moto kwenye mteremko, yanachemka na kutoa mvuke, na mvuke hubonyea, ndiyo maana leva hukosa nguvu. Ukisimama zikapoa, mvuke hurudi kuwa majimaji, na breki zinarudi. Kwa hiyo zingerudi hata kama tungekaa pale tukila mahindi.

Kwamba hatukuingia chini ya lile lori, hiyo ni rehema ya Mungu na siirudishi. Lakini nilimsingizia shetani kazi ambayo niliifanya mwenyewe kwa uzembe. Na nilimpa Mungu sifa ya muujiza ambao haukuwapo, jambo ambalo limeninyima usingizi zaidi.

Kuna mtumishi mwenzangu aliyeniambia nikisema haya nitapunguza imani ya watu. Mimi naona kinyume. Tumezika vijana wa bodaboda katika kanisa hili, na kila mara tulisema ni adui. Hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia breki za waliobaki. Nehemia na watu wake waliomba, na bado wakaweka walinzi usiku na mchana.

Sasa nabadilisha kila miaka 2, nyumbani. Kijana wangu huvuta leva, mimi nafungua kile kiskrubu kwenye breki chini, mafuta yanatoka kwa bomba dogo la plastiki hadi kwenye chupa, nafunga, halafu ndipo anaachilia. Akiachilia kabla sijafunga, hewa inaingia na tunaanza upya (tumeanza upya mara nyingi). Kikopo cha juu hakiachwi kikauke, na yakidondokea tangi unaosha kwa maji mara moja, la sivyo rangi yote inabanduka. Klachi ya pikipiki hii nayo hutumia mafuta hayo hayo. Chupa moja ni bei ndogo kuliko robo ya tangi la petroli.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ni ibada yetu ya kuombea vyombo vya safari. Mafuta ya upako yatakuwapo kama kawaida. Lakini fundi atakuwa langoni kuanzia saa moja asubuhi, na mimi nitakuwa naye na tochi. Tutafungua kikopo cha breki, na tutasoma zile namba nne ubavuni mwa tairi: mbili za wiki, mbili za mwaka lilipotengenezwa. Ukiona 0812, hilo ni la wiki ya 8, mwaka 2012, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Mama Mchungaji amesema atapanda tena nyuma, ila leva anaivuta yeye kwanza.